Siku Tatu za Karata

Mselemu alifunua karata ya nane, akaitazama, akaiweka pembeni. Ya tisa akaiacha ilale kifudifudi.

"Tuishie hapa kwa leo," alisema.

Mbele yake alikaa Isaka, mkulima wa miaka thelathini hivi, aliyefika Itigi kwa baiskeli Jumanne. Sasa ilikuwa Alhamisi alasiri. Katika msimu mmoja wa mvua alikuwa amezika watoto wawili, na ukoo ulimshuku Bibi Yunisi, mjane wa baba yake mkubwa, kuwa ndiye aliyewaroga. Wazee walimtuma akatafute mtazamiaji mgeni, asiyemjua mtu yeyote kijijini, asije akasemwa kwamba amependelea. Alitakiwa kurudi na jibu moja tu: ndiye, au siye.

Jibu la kwanza lingemuua Bibi Yunisi. Wote wawili walilijua hilo.

Baa walimokaa, karibu na stesheni, zamani ilikuwa duka la ushirika, na Mselemu alikuwa karani wake. Duka lilipokufa alipunguzwa kazi. Joyce, mama mmoja kutoka Singida mjini, akalinunua jengo akaweka bia. Karani akarudi mlemle na karata zake, akiwatazamia wasafiri waliosubiri treni.

Wengi waliuliza habari za safari na ndoa. Waliouliza "nani" ndio walikuwa kazi. Miaka miwili nyuma alimjibu mmoja wao ovyo, kwamba ni jirani wa upande wa machweo. Haikupita wiki akasikia jirani huyo amekatwa mapanga. Aliyefuata alimwambia siye; mtu yule akapanda treni hadi kwa mtazamiaji mwingine, akaambiwa ndiye.

Tangu hapo hakumaliza tena karata za mtu wa namna hiyo. Alifunua tatu leo, tatu kesho, kesho kutwa mbili. Hasira aliiona kama homa: ukiipa siku, hushuka. Wanaume wanne walikwisha kuchoka kumsubiri, wakajirudia mashambani kwao bila jibu, na hakusikia msiba wowote.

Joyce alipita na kreti la chupa tupu, akamwambia Isaka kwamba treni ikichelewa siku moja, karata za Mselemu huchelewa wiki.

"Ungekuwa umeshavuna mtama, kaka."

Isaka akacheka. Mselemu alikitia maanani kicheko hicho. Jumanne kijana huyu aligonga meza kwa hasira hadi akamwaga soda. Jumatano alikula sahani nzima ya ugali, na Mselemu akamwuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, bibi yuko wapi siku hizi. Isaka akajibu kwamba yuko nyumbani, ndugu wanamwangalia. Lilikuwa jibu la mtu anayeanza kupoa, na Mselemu alilala usingizi mzuri.

Sasa alizifunga karata zilizobaki kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Zimebaki nyingi, mzee?" Isaka aliuliza.

"Chache. Ila hazitaki kuharakishwa. Njoo kesho, kabla ya saa nane."

"Basi kesho."

Hakulalamika hata kidogo. Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye kofia yake. Siku moja zaidi, Mselemu aliwaza, labda mbili, na bibi yule atakuwa amepona. Kwa kutaka kuwa na hakika tu, akamwuliza kama ndugu zake hawatachoka kusubiri wakaamua mambo wenyewe.

"Hapana, mzee. Tumekubaliana hakuna wa kumgusa mpaka nirudi na jibu," Isaka alisema, akivaa kofia. "Tulimfungia kwenye ghala la alizeti Jumatatu, mlango tukaupigilia misumari, na hakuna ruhusa ya kumpa hata maji."