Chuma cha Shebe

Shebe aliapa barazani kwamba siku ya Idi atainua chuma chake juu ya kichwa, na akishindwa atafunga kanga ya mkewe apike pilau. Mwili aliutaka wa mayai na maharage, si wa sindano za kutunisha misuli. Chuma alikitengeneza mwenyewe, bomba lenye kopo la saruji kila upande, akakilaza uani. Mayai aliyala yote. Chuma alikitazama tu, akisema mwili haujengwi kwa pupa.

Idi ikafika, majirani wakajaa. Shebe akavua shati, akainama, akaguna. Chuma kikalala palepale kama mgonjwa.

“Labda kimeota mizizi,” alisema jirani yake Kitwana.

Mkewe Mwanaidi akatokea na ufagio, akamwambia mumewe: “Baba Sikujua, hebu sogea nifagie, nipate pa kukoka moto.” Akaweka ufagio kando, akakibeba chuma kama afanyavyo kila asubuhi, akakipandisha juu ya kichwa kisije kikamgonga mtu.

Shebe akajifuta jasho.

“Mmemwona?” akasema. “Huyo ni mwanafunzi wangu.”

Mwanaidi hakukishusha chuma. Alimwonyesha kwa kidevu kamba ya nguo, ambako kanga yake nyekundu ilikuwa imeshakauka.