Kidole cha Mama

Siku ya kumi na tisa tangu matangazo yasimamishwe kwenye tovuti yake ya mishono, ile iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake, fundi cherehani alipata jibu kutoka kampuni iliyokuwa ikimlipa kwa matangazo hayo. Barua zake saba za awali zilijibiwa na mashine, maneno yale yale: "Tumepokea ujumbe wako." Hii ya leo ilikuwa na swali.

"Je, wewe au mtu wako wa karibu amewahi kubonyeza matangazo ya tovuti yako kwa makusudi?"

Chini yake, ndiyo na hapana. Jibu likishatumwa halibadilishwi.

Hapana, bila shaka. Sheria ya kampuni, kwamba anayebonyeza matangazo ya tovuti yake hufungiwa, aliihifadhi tangu siku ya kwanza. Kidole kilikuwa bado hewani mama yake alipovuta kiti akaketi, simu mkononi.

"Mwanangu, mbona siku hizi siyaoni yale matangazo yako? Mimi kila nikiamka nilikuwa nayabonyeza yote, la viatu, la sabuni, hata lile la matrekta. Na wenzangu wa kwaya nimewaagiza. Haba na haba, si ndiyo?"

Alilowesha kidole kwa ulimi, kama anayefunua kurasa, akamwonyesha anavyofanya. Ncha ya kidole ilikuwa imesuguliwa na sindano za miaka arobaini, zile zile zilizomsomesha binti yake huyu.

Fundi aliondoa kidole chake juu ya "hapana".

"Wameandika nini hao?"

"Wanauliza swali, mama."

"Na wewe umeduwaa tu! Lete hapa, nikubonyezee."