Mbili

Profesa Kisanji alikuwa anatoa mhadhara wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na nyuma ya ukumbi wenzake walikuwa wameshapanga soda na keki. Alichagua kuthibitisha kanuni yake mwenyewe ya namba tasa, ile iliyompa uprofesa. Chaki ilikimbia ubaoni kama ilivyozoea, kisha ikasimama.

Mstari aliokuwa ameuandika ulikuwa kweli kwa kila namba tasa ya witiri. Lakini mbili nayo ni tasa, na ni shufwa. Miaka yote hiyo hakuwahi kuijaribu.

Akaushusha mkono wenye chaki.

"Malizia tu, mzee wangu," alisema Dakta Semvua, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa anarithi nafasi yake. "Mwisho wake sote tunaujua."

Watu wakacheka.

"Hamuujui," alisema Profesa. "Hata mimi siujui."

Akafuta ubao wote kwa mkono wa koti lake jipya, akaandika 2 kubwa katikati, akarudi nyuma kuitazama. Nyuma ya ukumbi, mtu alikuwa ameshawasha mishumaa ya keki.