Uso Usiopauka

Fundi stika alishusha rafuni roli la filamu ghali kuliko zote, lile linalozuia jua kwa miaka mitano, akalifunga kwenye mashine. Mwenzake, waliyemwita Kijiko kwa wembamba wake, aliacha kukata herufi.

“Hilo unamwekea nani?”

“Huyu hapa.”

Mezani, kwenye bango la urefu wa mita sita, muuza nyumba alikuwa akitabasamu.

Kijiko alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba gari la mtu huyo ndilo lililomgonga mdogo wake fundi, alfajiri moja, akienda kazini kwa baiskeli. Dereva wa lori alimwokota, akamfikisha mlangoni mwa hospitali akiwa tayari amekata roho, kisha akaendelea na safari yake. Hakuna aliyemuuliza jina. Mahakamani tajiri alisema gari lake liliibwa, na yeye alikuwa kitandani kwake. Hakukuwa na shahidi. Alitoka anacheka na wakili wake, akampita fundi na mama yake kama mtu anayepita viti vitupu.

Hata jana, alipoleta kazi, hakumkumbuka.

“Jua hula rangi nyekundu kwanza, bosi,” fundi alimwambia kwa adabu. “Miezi sita tu, mashavu yako yatakuwa majivu. Kwa filamu hii utaonekana vilevile, mpaka hicho kikovu cha juu ya jicho.”

“Kikovu kifute.”

“Nikikifuta si wewe tena. Watu hununua kwa mtu wanayemwamini.”

Tajiri alicheka. “Na uniweke wapi?”

“Kwenye mzani wa malori. Pale kila mtu husimama, atake asitake.”

Sasa Kijiko alimsogelea, akapunguza sauti. “Dada, weka ile nyembamba. Mwache ababuke mpaka mbwa wamkimbie. Nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

“Basi amekununua.” Kijiko akarudi kwenye herufi zake.

Fundi aliipitisha filamu taratibu, shubiri kwa shubiri, lisibaki hata povu moja la hewa. Alipofika kwenye macho, mkono ulitaka kisu. Akakaza meno, akaziba kingo zote kwa utepe ili maji yasipenye.

Habari zilifika nyumbani kabla yake.

“Mwanangu mmoja kauawa naye,” mama alisema, “na huyu aliyebaki anamng’arisha.” Akachukua sahani yake, akaenda kula chumbani. Tangu siku hiyo alikula huko.

Mwaka ukapita. Pale mzanini mabango mengine yalikwisha: la soda lilibaki kivuli cha chupa, la sabuni lilikuwa jeupe tupu. Tajiri alikuwa na mashavu yake mekundu, utadhani amebandikwa jana. Kila Jumamosi fundi alipanda ngazi na ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa laini, akampangusa moshi wa malori.

“Dada, huyo ni mumeo nini?” madereva walimtania.

“Angekuwa mume wangu ningemwogesha kwa brashi ya chuma!”

Wakaangua kicheko. Yeye aliwatazama mmoja mmoja, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mwaka wa pili upepo ulibandua kona. Akaibandika upya bila kuambiwa na mtu. Siku hizo hata Kijiko alikuwa akimsalimia kwa kidevu tu.

Jumamosi moja lori lilisimama katikati ya foleni, injini ikiunguruma. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, aliteremka na kwenda kusimama chini ya bango, kofia mkononi, macho yakiwa kwenye ule uso tu. Nyuma walipiga honi, hakugeuka.

“Binti,” alisema hatimaye, “mtu huyu anaitwa nani?”

“Kwa nini, baba?”

“Nilimwona akishuka kwenye gari lake. Kijana aliyemgonga alikuwa bado anaomba maji. Akamvuta kwa miguu mpaka mtaroni, kisha akaondoka zake. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali yule kijana. Nimepelekwa njia za nje ya nchi tangu wakati ule, lakini uso huu siusahau. Tatizo ni jina. Jina sikuwahi kulijua.”

Fundi aliteremka ngazi polepole. Akaweka ndoo chini, akafuta mikono.

“Hilo hapo chini, baba,” alisema. “Nililiandika kwa herufi kubwa ili ulione.”