Fitina Iliyomshinda Fisi

Sikilizeni hii, na mwenye tamu kuliko hii ajitokeze! Fisi alikuwa na uchu wa pundamilia wawili wakongwe, Bi Riziki na Bi Kibibi, mashoga tangu wakinyonya. Walisimama kila mmoja kichwa mgongoni kwa mwenzake, huyu akitazama huku, yule kule, basi hawanyatiki! Fisi akaona dawa ni kuwagombanisha, kila mtu asimame kivyake.

Kibibi alipoinama kunywa maji, Fisi akapita nyuma yake, akamnong'oneza Riziki.

"Shikamoo bibi. Roho inaniuma! Shoga yako anasema una makalio kama gunia tupu."

"Marahaba. Hilo tu?" Riziki akaangua kicheko. "Hilo kaniambia usoni, siku ya harusi yangu! Na kwamba bwana harusi ni zuzu, hakukuambia?"

Fisi akatafuta neno baya ambalo Riziki hajalisikia kwa shoga yake. Hakulipata.

"Shoga," akaita Kibibi, bado kainama, "nimpe?"

"Mpe, mie kicheko kimenimaliza nguvu!"

Teke hilo! Fisi akapaa, akatua miibani.

Mpaka leo, kabla ya kupeleka fitina, Fisi huuliza kwanza: "Nyie mmejuana tangu lini?" Akisikia "tangu utotoni," hakai hata kuaga.