Dalali Alijibiwa

Nyamizi alikuwa ameshatoka getini, begi kichwani, nilipokutana naye. Mimi ni mpangaji wao, na mpangaji anaruhusiwa kusemeshwa, ila si kubeba neno la wanandoa. Mume na mke, kwa sheria ya siku hizi, kila neno lao hupita kwa dalali, ile mashine ya mtaa inayoyapanga maneno foleni na kuyafikisha.

"Nilimtumia mume wangu neno asubuhi, babu, kwamba naondoka. Akisema nibaki, nabaki. Jibu likarudi: nimesikia. Basi, kanyamaza kama gogo."

Ndani, mumewe Kapela alikuwa anakula mihogo.

"We bwana, mkeo anaondoka!"

"Acha utani, mzee. Angekuwa anaondoka, dalali si angeniletea neno?"

Tukafungua kisanduku chake cha kupokelea maneno ya dalali. Siku ya kukiunganisha alichoshwa na dalali kumrudiarudia mpaka akiri kupokea, akakitegesha kijibu chenyewe "nimesikia" kila neno linapoingia. Na dalali akishajibiwa, hulifuta neno.

Kapela akakimbia getini. Nyamizi alikuwa bado anaonekana barabarani. Tangu waoane, Kapela hakuwahi kumwita kwa sauti yake. Akarudi kisandukuni, akatuma: usiende.

Nyamizi alikuwa ameshajitoa kwa dalali wetu. Sasa yuko Mpanda, ameolewa. Kapela alikufa masika yaliyopita. Mimi nilihama. Neno la Kapela lingali kwenye foleni, maana halijapokewa.