Sauti ya Mlangoni

Sheria ni hii: mgonjwa wa saratani ya koo asiye na kirusi cha papiloma (HPV) hurekodiwa sauti kabla ya matibabu, ibaki mlangoni kwake, maana wengi wao hawaponi. Wenye kirusi hupona zaidi, kwa hiyo hawarekodiwi.

Mume wangu Chande alikuwa nacho. "Mama, huyu utazeeka naye," daktari alinipongeza, nami mjinga nikapika pilau. Nilimzika kabla ya Ramadhani.

Kwa jirani yangu Mishi, ukibisha hodi, mlango hukujibu kwa sauti ya marehemu mumewe: "Karibu, pita ndani!"

Jana Mishi kaniuliza, "Shoga, mbona naambiwa wabisha hodi kwangu kila nikienda sokoni?"

Nikamwambia nilikuja kuomba chumvi.